Nabintu Apanda Nyumba ya Kifaransa

Katika mji ule watu walizaliwa kwa lugha za mama zao, wakapendana na kugombana kwa Kiswahili, wakapatana bei ya chumvi kwa Kiswahili, lakini walikufa kwa Kifaransa. Hakuna aliyekumbuka mambo yalianza lini kuwa hivyo. Hukumu zilisomwa kwa Kifaransa. Amri ya kubomoa mtaa ilibandikwa ukutani kwa Kifaransa, watu wakasimama mbele yake wakiitazama kama mtu atazamavyo wingu, na matingatinga yalipofika ndipo wakaelewa. Madaktari waliongea Kifaransa juu ya kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa akajitafutia maana kwenye nyuso zao. Mtu aliweza kumaliza ujana na utu uzima bila kuhitaji hata neno moja la lugha ile, kisha siku moja lugha ile ikamfuata nyumbani kwake, ikasimama mlangoni na bunduki zake, ikasema jambo, na yeye asijue imesema nini.

Kwa Nabintu ilifika saa ya chakula cha mchana.

Mumewe, Murhula, alikuwa fundi wa redio, mtu wa vidole vyembamba na maneno machache. Siku hiyo alikuwa ameketi mkekani akimega ugali. Waliingia askari wawili, na nyuma yao afisa aliyenyolewa vizuri, ananukia sabuni. Afisa alimtazama Murhula, akamtazama Nabintu, kisha akamwuliza huyo mwanamke kwa sauti ya upole kabisa:

"C'est bien lui?"

Nabintu alisikia "se biye lwi". Neno la kwanza hakulijua, la mwisho hakulijua, lakini la katikati alilijua. Sokoni kila mtu alilijua. Ukiulizwa hali unajibu biye. Ukifungiwa nyanya ambazo hazijapondeka unasema biye. Biye ni vizuri. Basi akaelewa kwamba mgeni anauliza kama huyu bwana ni mtu mzuri. Kwa miaka yote aliyokaa na Murhula hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote. Akakaza kitenge kiunoni, akatabasamu kidogo, akajibu kwa maneno mawili aliyokuwa nayo, la ndiyo na la vizuri.

"Oui," alisema. "Bien."

Murhula aliinua uso, akamtazama mkewe kwa mshangao wa mume anayemsikia mke akisema lugha ya wakubwa. Risasi ya kwanza ilimpasua taya. Ya pili ikamlaza chali. Miguu yake iliendelea kupigapiga mkeka kwa muda, ikasukuma bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo na damu vikachanganyika sakafuni vikawa rangi moja isiyo na jina. Afisa alisubiri miguu itulie. Kisha akagusa kofia yake kwa vidole viwili, akamwinamia Nabintu.

"Merci, madame."

Neno hilo nalo alilijua, na ndilo lililomnyima usingizi katika siku za matanga na baada ya matanga.

Amenishukuru. Mtu hushukuriwa kwa kitu alichotoa. Mimi nilitoa nini? Nilikuwa nimesimama tu. Nilikuwa na unga kwenye vidole. Nimempa nini yule mtu hata anishukuru?

Nyumba ya Kifaransa ilisimama peke yake mahali mitaa yote ya mji ilipoishia, au pengine ilipoanzia. Ilikuwa na ghorofa tatu. Chini walifundishwa wanaoanza, katikati waliokwisha kusogea, na juu wale ambao lugha imewaingia mpaka wanaota nayo. Walipokea watu wazima tu. Walikuja wajane, walikuja askari waliochoka kuwa askari, walikuja wanaume waliotaka kusoma karatasi walizotia sahihi kwa dole gumba. Ilisemwa mjini kwamba anayefika ghorofa ya juu hatoki tena kwa mlango aliouingilia, anatokea mlango mwingine usioonekana kutoka barabarani, na kwamba mahakimu na makomanda wote walitokea huko. Nabintu aliyasikia hayo asiyajali. Yeye alitaka kujua alitoa nini.

Mwalimu alikuwa mmoja kwa ghorofa zote, aliyeitwa Kasereka, mwembamba, shati lake jeupe kwa chaki hata pale lilipokuwa chafu. Mkononi alishika rula ya chuma. Alimpokea Nabintu kizingitini.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Arobaini na kitu, Mwalimu."

"Hapa chini huna hiyo. Hapa chini una mitatu, kwa sababu maneno uliyo nayo ni ya mtoto wa miaka mitatu. Ingia."

Alidhani anataniwa. Lakini alipovuka kizingiti kitenge chake kilianza kuburuza sakafuni, na alipoketi kwenye benchi miguu yake ilining'inia isifike chini. Akatazama kushoto na kulia. Wote walikuwa hivyo, wanaume wenye masharubu na sauti za watoto, bibi mwenye mvi ananyonya kidole. Wakitoka nje jioni kila mtu alirudishiwa miaka yake mlangoni, kama mtu arudishiwavyo mwavuli, na asubuhi aliiacha tena.

Walikuwa watoto, lakini nguvu zao zilibaki za watu wazima, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Siku waliyojifunza kusema "ni changu" na "ni chako", wanaume wawili waligombea kipande cha chaki, kila mmoja anapiga kelele "à moi, à moi", mpaka mmoja akamng'ata mwenzake sikio akalitoa nusu. Kasereka hakuwaamua. Alingoja wamalize, akamsimamisha aliyepoteza sikio, damu inamchuruzika shingoni, akamwambia aseme somo lote kwa nafsi zote: langu, lako, lake, letu, lenu, lao. Yule mtu akasema, akilia, na alipokosea nafsi ya tatu alipigwa rula kwenye vifundo vya vidole.

"Hii lugha haikuingia mjini kwa kubembelezwa," Kasereka aliwaambia. "Haitaingia vinywani mwenu kwa kubembelezwa. Rudia."

Na walirudia. Nabintu alirudia mpaka ulimi ukavimba. Usiku alilala na midomo inacheza. Aligundua kwamba kujifunza lugha ukubwani ni kufunguliwa kinywa na mtu mwingine, kama mnyama anayetazamwa meno sokoni, na kwamba kila neno jipya linapita mahali palipo na kidonda. Mtoto mchanga hupewa maneno pamoja na maziwa. Yeye alipewa yake pamoja na rula. Je, neno lililoingia kwa kipigo litatoka kwa namna gani nyingine? Alijiuliza hilo mara nyingi akiwa amekaa pale, vidole vinawaka moto, kisha akaandika zoezi lake.

Kisha ikaja siku ya salamu. Kasereka aliandika ubaoni "bien", akasema maana yake ni vizuri, akamwonyesha Nabintu kwa rula.

"Vizuri," Nabintu alirudia, na kifua chake kikafunguka. "Ni vizuri tu, Mwalimu? Hakuna zaidi?"

"Kwa hapa chini, ni vizuri."

Basi alikuwa amesikia sawa. Mtu yule aliuliza kama mumewe ni mwema, naye akasema ndiyo, ni mwema, na wakamwua hata hivyo, kwa sababu zao, kwa ubaya wao. Akashukuriwa kwa ukarimu wa jibu. Alirudi nyumbani siku hiyo akapika kwa mara ya kwanza tangu matanga, akala akashiba.

Karibu naye kwenye benchi aliketi Birindwa, askari, mtu mkubwa ambaye darasani aligeuka mtoto mnene mwenye masikio mapana. Alimgawia Nabintu karanga za kukaanga chini ya meza, naye Nabintu alimnong'onezea majibu. Birindwa alitaka kupandishwa cheo, na hapandi cheo mtu asiyejua Kifaransa. Ndoto yake haikuzidi hapo.

Somo lililomvunja lilikuwa fupi. Kasereka aliandika ubaoni neno moja: "Tirez."

"Nani anajua?"

Birindwa aliruka akasimama wima. "Piga risasi, Mwalimu." Alikuwa anafurahi. Haikuwa kawaida yake kujua kitu kabla ya wengine.

"Safi. Sasa tazameni." Kasereka aliandika "ne" mbele ya neno lile na "pas" nyuma yake. "Neno lenyewe halijabadilika hata herufi moja. Nimeliweka tu katikati ya vitu viwili vidogo, kama mtu aliyeshikwa na polisi wawili. Sasa linasema nini?"

Wote waliukodolea ubao macho.

"Linasema: msipige."

Birindwa alibaki amesimama. "Mwalimu," alisema, "lisome lote tena."

Kasereka akalisoma.

"Lisome kwa sauti. Kama mtu yuko ng'ambo ya daraja na kuna upepo."

Kasereka alimtazama. Kisha akaweka mikono mdomoni na kuliita neno lile kama aliyeko ng'ambo, na kweli, sauti ilipofika nyuma ya darasa, "ne" ilikuwa imepotea, "pas" imemezwa na kuta, na kilichobaki kikitembea hewani kilikuwa ni kile cha katikati.

Birindwa alikwenda mbele polepole. Kila hatua ilimrudishia mwili wake, na alipofika ubaoni alikuwa mtu mzima kamili. Akagonga neno lile kwa paji la uso. Akagonga tena. Ubao ulipasuka na hakuacha, aliendelea kugonga kwenye ule ufa, vibanzi vikamwingia kwenye nyusi, na damu ikashuka juu ya chaki ikaifanya uji wa waridi. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumshika, kwa maana wote waliobaki walikuwa watoto.

Nabintu alimkuta nje kwenye ngazi, kichwa amekifunga shati.

"Pale darajani," Birindwa alisema bila kuulizwa, "watu walikuwa wanavuka na magodoro yao. Na mbuzi. Komanda alikuwa ng'ambo, akatuita. Kambini walitufundisha maneno mawili, dada, la kupiga na la kusonga mbele. Walisema askari hahitaji la tatu. Nikasikia la kupiga. Tulipiga mpaka bunduki ikaniunguza mkono. Kuna mwanamke alijikinga na sufuria."

"Hukujua," Nabintu alisema.

"Mimi sikujua. Komanda alijua tutasikia nini. Alivuka akaja, akatembea katikati yao akiinua suruali isilowe, akawasha sigara. Hakutuambia chochote. Angeweza kutufundisha lile neno la tatu. Ni kaneno kadogo." Alikaza shati kichwani. "Baadaye wakatupa nishani."

Nabintu alimwekea mkono mgongoni, na ndani yake, kwa aibu, alihisi kama faraja: angalau neno lake yeye lilikuwa zuri.

Walipandishwa pamoja ghorofa ya pili. Nabintu hakuweza kusema baadaye ilichukua muda gani kufika huko. Mvua zilikuja zikapita, au ilikuwa ni mvua moja ndefu. Pale katikati miili yao ilikuwa ya vijana wa miaka kumi na mitano, yenye chunusi na hasira. Nje ya madirisha mji ulikuwa unapigana tena, mtu fulani dhidi ya mtu fulani, na mara nyingi iliwabidi wasome wakiwa wamelala kifudifudi chini ya madawati, Kasereka naye amelala ubavu, akiandika ubaoni pale tu mkono wake ulipofika. Risasi iliyopita dirishani ilimwua bibi yule mwenye mvi katikati ya sentensi. Kasereka alimfumba macho, akaimalizia sentensi yake, wakaendelea.

Siku moja, kukiwa na utulivu, alisema: "Leo narudi kwenye maneno mliyoyaokota kule chini mkadhani mmeyamaliza." Akaandika: "C'est bien lui."

Nabintu alilitazama likiandikwa. Hakuwahi kuliona kwa macho.

"Hapa hili bien halina wema wowote," Kasereka alisema. "Hapa maana yake ni hasa. Ni kweli. Mtu ana jina mkononi lakini sura haijui, anatafuta uhakika kwa anayemjua. Anauliza: ndiye huyu? Na ukijibu..."

Hakumaliza, kwa sababu Nabintu alikuwa ameshaichukua rula mezani. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni. La pili likavunja miwani. Alipiga bila kupiga kelele, kama mtu anayetwanga, na maneno yalikuwa yakimtoka chini chini: ndiye, nilisema ndiye, nikatabasamu, nikasema ndiyo hasa ndiye, nikakaza na kitenge. Kasereka hakuinua mkono kujikinga. Birindwa ndiye aliyemkumbatia Nabintu kwa nyuma akamvuta, naye akampiga Birindwa vilevile, shavuni, mpaka rula ikapinda.

Mwalimu aliketi sakafuni, akatema jino kwenye kiganja, akalitazama.

"Kwa nini ulinifundisha kwanza kwamba ni vizuri?" Nabintu aliuliza.

"Kwa sababu ni vizuri pia."

"Ulijua lina maana ya pili."

"Yote yana maana ya pili, mama. Hiyo ya pili ndiyo wanayotawalia. Ningewapa hiyo siku ya kwanza, nani kati yenu angebaki darasani?"

"Nilimwua mume wangu."

Kasereka alikunja kiganja juu ya jino. "Uliulizwa na mtu aliyejua kwamba huelewi," alisema. "Sijui tendo hilo linaitwaje. Nimelitafuta neno lake kwenye Kifaransa chote, na Kifaransa chote ninacho."

Wanafunzi wengine walidhani Nabintu hatarudi. Alirudi kesho yake. Kuacha wakati ule kungekuwa ni kubaki nyumba moja na neno lile, wao wawili tu, mpaka kufa. Aliyekosekana alikuwa Birindwa. Benchi lake lilikaa tupu, na baada ya siku kadhaa Kasereka alilisogeza ukutani. Watu walisema amechukua panga la shamba, ameondoka kumtafuta Komanda wake.

Ghorofa ya juu Nabintu alifika peke yake. Huko alikuwa mzee. Aliuona mkono wake ukiandika, mkono wenye mishipa na madoa, mkubwa kwa umri kuliko wa mama yake siku alipozikwa. Kasereka hakuwa tena na rula. Walisoma mambo mazito kwa sauti ndogo. Kulikuwa na namna nzima ya vitenzi iliyotengwa kwa yale yasiyotokea: kama nisingejibu, angekuwa hai, tungekuwa tumekula, ningekuwa ninaosha bakuli. Watu walioitengeneza lugha ile walikuwa wamejenga nyumba kamili, yenye vyumba na milango, kwa ajili ya vitu ambavyo havikuwa. Nabintu alitembea humo kila siku. Hakuna aliyetamka vitenzi vile vizuri kama yeye. Na kutoka upande wa pili wa ukuta alisikia sauti za watu, sauti ikipanda, ikikatika, ikipanda tena, akafikiri ni darasa lingine linarudia somo.

"Mtihani wa mwisho hauandikwi," Kasereka alimwambia adhuhuri moja. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Utatafsiri. Mimi nitasikiliza. Mama, chochote utakachokiona, tafsiri."

Alifungua mlango ambao Nabintu alikuwa akiudhani kabati. Nyuma yake hakukuwa na darasa. Kulikuwa na chumba chenye joto, meza moja, na harufu ya machinjioni, na hapo akaelewa zile sauti za nyuma ya ukuta zilikuwa zikirudia nini siku zote.

Nyuma ya meza alikaa Komanda, mtu asiyejua tena Kiswahili. Kwa ajili ya joto alikuwa amevua mkanda wenye bastola akautundika kwenye msumari kando ya mlango. Nabintu hakuweza kusema kama ni yule afisa wa siku ile. Nyuso za huko juu zilifanana. Askari wawili walisimama pembeni, mmoja wa makamo ameshika nyundo. Kwenye kiti, amefungwa kiwiliwili na miguu, mkono wa kushoto umelazwa mezani, alikuwa Birindwa. Vidole vitatu vya mkono ule havikuwa tena na umbo la vidole.

"Anajifanya hajui Kifaransa," Komanda alimwambia Nabintu kwa Kifaransa. "Mwulize alikuja kufanya nini nyumbani kwangu na panga."

Nabintu akamwuliza kwa Kiswahili. Birindwa aliinua uso. Kama alifurahi kumwona, hakuonyesha.

"Mwambie nilikuja kumwua," alisema. "Mwambie daraja zima lilinituma. Na akiniachia nitakuja tena."

Nyundo ilikuwa imeinuliwa juu ya kidole cha nne, ikingoja. Nabintu alimgeukia Komanda. Kifaransa kilimtoka haraka, kwa hofu.

"Anasema alikuja kukuomba msamaha kwa kutokukusikia vizuri siku ile darajani. Anasema panga alikuletea wewe, umkate ukitaka."

Komanda alimtazama kwa muda. Kisha akamgeukia Kasereka, ambaye alijua lugha zote mbili na ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha kosa lipite. "Mwalimu. Amesema sawasawa?"

"Kuna kosa moja," Kasereka alisema.

Nabintu aliitazama nyundo.

"Amekuita 'tu', neno la wewe. Hilo ni la mtoto na rafiki. Kwa mtu wa cheo chako ni vous."

Komanda alicheka. Alicheka kwa kweli, akajifuta jasho, akamwashiria askari ashushe nyundo. "Panga akanikabidhi mimi," alisema, akionekana kupendezwa na jambo hilo. "Hawa watu." Akaanza kufunua karatasi, na ilikuwa wazi kwamba atamwacha aende.

"Non," alisema mtu.

Alikuwa Birindwa.

"Ce n'est pas ce que j'ai dit. Je suis venu vous tuer."

Sivyo nilivyosema. Nimekuja kukuua. Aliisema polepole, kila neno mahali pake, kila sauti ya puani imetoka puani, na hata vous ya heshima hakuisahau. Kasereka alifumba macho.

"Nisamehe, dada," Birindwa akamwambia Nabintu kwa Kiswahili. "Watu wamenisemea maisha yangu yote. Hili lilikuwa langu."

Komanda alisimama. Hakukasirika. Alikunja karatasi zake, akawaambia askari, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, wawachukue wote watatu nyuma ya nyumba wakawamalize.

Askari walitazamana. Kambini walikuwa wamefundishwa maneno mawili, na Komanda hakutumia hata moja kati ya hayo. Yule wa makamo aligeuka kwa adabu.

"Mama," alimwuliza Nabintu, "amesema nini?"

Yapo madaraka ambayo mtu huyapigania, na yapo yanayomkuta amesimama tu, mikono mitupu. Komanda alikuwa na bastola, nyumba, askari na daraja. Lakini kati ya kinywa chake na mikono ya watu wake kulikuwa na nafasi ndogo, ya upana wa mtu mmoja, na hakuwahi kuitazama kwa sababu siku zote aliyesimama hapo alikuwa anamwogopa. Nabintu alijitafutia woga wake asiuone. Aliona kitu kingine, kizito, kimetulia, kimekuwepo tangu mchana ule wa mkeka.

"Amesema mtoke nje," alijibu. "Mfunge mlango kwa ufunguo. Msifungue, hata mkisikia nini, mpaka muitwe kwa Kiswahili."

Askari aliweka nyundo mezani, akapiga saluti, wakatoka. Komanda alielewa aliposikia ufunguo ukizunguka. Aliruka kuelekea msumari wake, akamkuta Kasereka amesimama hapo, mgongo umebanwa mlangoni, bastola iko nyuma yake. Walishikana. Komanda alimpiga mwalimu kichwa, mwalimu akamkumbatia kiunoni asimwachie.

Nabintu alichukua nyundo.

Pigo la kwanza lilivunja bega. Komanda alianguka juu ya goti moja akaita, "Au secours!", akiomba msaada, akaita tena na tena. Kutoka nje ya mlango Nabintu alisikia sauti za askari.

"Anasema nini?"

"Sijui. Labda ndiyo huo mtihani."

La pili lilimpata kinywani, na maneno yakageuka kuwa meno na mate. Baada ya hapo hakuhesabu. Mkono wa kizee ulikuwa na nguvu ya ajabu. Alikuwa na maneno ya ghorofa tatu kichwani na hakutumia hata moja. Alipiga mpaka kile alichokuwa akikipiga hakikuwa na lugha wala cheo, mpaka nyundo ikawa inatoa mlio laini. Kasereka alijivuta kando akatapika. Birindwa alitazama yote, na alipofunguliwa kamba alibaki ameketi palepale, mkono uliosagika ameupakata kama mtoto.

Nabintu alijifuta uso kwa kitenge. Alibisha mlango kutoka ndani.

"Fungueni," alisema kwa Kiswahili.

Walifungua. Walimwona Komanda, au walichoweza kumtambua kwacho, yaani sare. Walimwona mwanamke mzee ameshika nyundo, damu hadi kwenye viwiko. Yule mdogo kati yao alipeleka mkono kwenye bunduki, kisha akautazama mkono wake kana kwamba anangoja mtu amwambie uendelee. Hakuna aliyemwambia. Askari wa makamo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukutanisha visigino, akainua kiganja kwenye kofia.

"Sasa tufanye nini, mama?"

Nabintu alijua alichotaka kusema. Alitaka kuwaambia waende makwao. Waziache bunduki ngazini, wamzike mtu huyu, wafungue madirisha yote ya nyumba. Ilikuwa ni sentensi ya kawaida, ya kuambiana majirani uani. Alifungua kinywa kuisema.

Kilichotoka kilikuwa Kifaransa. Kilitoka kimetulia, kirefu, vitenzi vyote vimekaa mahali pake, kwa sauti ya upole ambayo yeye mwenyewe aliitambua alipokwisha kuisikia: ilikuwa ya yule afisa aliyemshukuru. Birindwa, aliyeelewa, aliinua kichwa ghafla akamtazama, kisha akasogeza kiti chake nyuma, mbali naye.

Askari hawakuelewa hata neno. Walisubiri, wima.

Kasereka alijifuta midomo kwa mkono wa shati. Alitembea akasimama hatua moja nyuma ya bega la Nabintu, mahali wanaposimama wakalimani, akawageukia wale askari.

"Mama anasema," alianza.